Matumba ya Chumba cha Joto

Novemba 16

Nimeanza kuandika kwa sababu sina wa kumsemesha. Quyến, mume wangu, yuko kilimani makaburini tangu mwezi wa tatu. Nyumbani tumebaki mimi na mama yake, na Mama akinisemesha ni juu ya chumvi iliyozidi au mlango niliouacha wazi. Mengine yote anamwambia Babu Ardhi, mungu mlinzi wa kiwanja, yule sanamu mnene anayecheka kwenye kijumba chake chekundu. Ninaandika mchana, Mama akiwa amejinyoosha baada ya chakula. Usiku siwezi, nikikaa tu nasinzia.

Bandani okidi kipepeo zimejaa meza zote na mabua ya maua yametoka vizuri. Baridi ya mwezi uliopita imefanya kazi yake. Sasa nitakuwa nahamisha vyungu kidogo kidogo kwenda chumba cha joto, ile kona ya banda tuliyoifunga kwa plastiki mara mbili, ili matumba yanenepe na yafunguke siku chache kabla ya Tết, mwaka wetu mpya, ambao safari hii unaangukia Februari. Yakifunguka mapema yatazeeka kabla ya wanunuzi. Yakichelewa, mwaka mpya ukishaingia hakuna mtu Đà Lạt nzima atakayeyatazama.

Mwaka jana hayakufunguka kabisa. Matumba yaligeuka manjano, yakanywea, yakaanguka. Quyến alikuwa tayari yuko kitandani. Alikuwa ananiomba nimletee yaliyoanguka, analipasua moja kwa ukucha, analitazama ndani, kisha analiweka kwenye sahani.

Novemba 19

Kaka Tuân, mkubwa wa Quyến, amekuja na sura ya mtu mwenye mpango. Anataka banda liondolewe, pajengwe mgahawa wa kahawa wa watalii, wa kupigia picha na ukungu wa asubuhi. Kiwanja ni cha Mama, si changu. Mama amemjibu tungoje Tết. Maua yakifunguka, banda linabaki mikononi mwangu. Yakianguka tena, atamwachia Tuân afanye apendavyo.

Alipokuwa anaondoka Tuân aliniambia, "Shemeji, sina ubaya na wewe. Lakini na wewe jionee huruma, umekonda kama waya." Nikampisha mlangoni. Nilikuwa nimebeba vyungu mikono yote miwili.

Novemba 24

Mvua za mwisho. Konokono.

Novemba 28

Jana ulikuwa mwezi mpevu. Mama alipeleka sadaka: kahawa nyeusi, maua ya njano, udi, ndizi. Babu Ardhi anakaa ndani ya chumba cha joto, chini pembeni ya mlango. Zamani alikaa jikoni. Mama ndiye aliyeagiza ahamishiwe huko mwaka jana, Quyến alipoanza safari za hospitali, ili awe karibu na maua na ayalinde. Tangu hapo hapitishi siku bila kumpelekea kitu.

Ninapiga chafya kila nikiingia. Ninajifuta kwa mkono wa sweta.

Desemba 3

Nimeingiza kundi la kwanza chumba cha joto. Matumba makubwa kama punje za mahindi mabichi. Nimechoka mgongo lakini ni uchovu mzuri, ule unaokufanya uone chakula kitamu. Nilimpikia Mama uji wa wali na samaki. Akasema chumvi imezidi.

Desemba 9

Hakuna jipya. Ninafungua plastiki mchana kidogo, ninafunga mapema kwa sababu baridi inaingia saa kumi tu. Mama amening'iniza mkungu mzima wa ndizi mbichi kwenye bomba la paa mle chumbani, maana ndiko kwenye joto na zitaiva upesi kwa ajili ya mwezi mwandamo. Nikigeuka haraka unanigonga kichwa.

Desemba 15

Yameanza.

Asubuhi niliingia na ndoo nikaona kitu cha manjano sakafuni, nikajiambia ni jani. Halafu nikaona kingine. Nilipowasha taa nikayaona mengi, chini ya meza za karibu na mlango, na mengine bado yako kwenye bua lakini yameshabadilika rangi na ukiyagusa yanabaki mkononi. Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Ilikuwa kama mwaka jana umenisubiri nyuma ya mlango.

Mama alikuja, akatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia usiyaguse wewe mwenyewe. Mwenye msiba akiyashika, na maua yanaona."

Alikuwa ameniambia kweli, wiki iliyopita, nikajifanya sikusikia. Sasa nani ayaguse? Mimi nimezika mume, yeye kazika mwana, msiba ni wa nyumba nzima. Nilitaka kumwambia hivyo na mengine yaliyonijaa kifuani. Nikachukua ufagio.

Desemba 16

Nimekagua mizizi. Myeupe, migumu, haijaoza. Nimepasua matumba kama alivyokuwa anafanya Quyến, nikatafuta vile vidudu vidogo vyeusi vinavyonyonya. Hamna. Maji si mengi, si machache. Mbolea nilishapunguza tangu mabua yalipotoka.

Nadhani ni jiko la mkaa. Nilikuwa naliwasha alfajiri kwa baridi, na moshi unabaki ndani kwa sababu ya plastiki. Nimelitoa. Nitatumia taa tu.

Desemba 20

Kuanguka kumepungua. Lilikuwa jiko. Nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Desemba 22

Kundi la pili ndani. Mkungu mpya wa ndizi umening'inizwa. Ule wa zamani uliisha, ziliiva zote kwa mpigo, Mama akagawia majirani zilizobaki.

Desemba 25

Kengele za kanisa huko chini tangu asubuhi. Nimesafisha meza.

Desemba 29

Si jiko.

Yameanguka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Yale ya chini na ya karibu na mlango yamekwisha kabisa, mabua yamesimama uchi. Ya mwisho kule ndani yamebaki. Mbona yanaanza mlangoni? Nimepapasa plastiki yote kutafuta tundu linalopitisha baridi, nimekuta moja dogo, nimeliziba kwa gundi, na moyoni najua si hilo.

Hivi nimeona kitu na sikipendi. Kaka Tuân huja kumsalimia mama yake siku za sadaka, anachuchumaa pale pale mlangoni pa chumba cha joto na kuvuta sigara zake, moja baada ya nyingine. Alikuja mwezi mwandamo. Alikuja juzi, mwezi mpevu. Na baada ya siku mbili matumba yanaanguka. Nani anafaidika yakianguka?

Desemba 31

Nimemwambia. Nilimngoja langoni nikamwambia asivute tena bandani, na afadhali asiingie kabisa. Hakuinua sauti. Alizima sigara kwa kiatu akaniuliza, "Shemeji, unadhani ningemfanyia hivyo Quyến?"

Nikasema sidhani kitu, nataka tu moshi usiingie. Lakini nilikuwa nadhani, na alijua. Mama alisikia yote kutoka jikoni. Chakula cha jioni tumekula kila mtu na bakuli lake.

Januari 3

Mama hanisemeshi hata ya chumvi. Asubuhi yuko kwa Babu Ardhi na udi, mchana yuko, jioni yuko. Zamani alikuwa anachoma vijiti vitatu, sasa ni fungu zima. Ananong'ona. Ninajua ananisema mimi.

Januari 6

Yanaanguka. Tuân hajakanyaga hapa wiki nzima, na yanaanguka.

Nimeona haya peke yangu, nikiwa na ndoo mkononi.

Januari 9

Dada Hường amekuja kutoka Sài Gòn kuona maua. Ndiye anayenunua kwetu tangu Quyến hajaoa, ana sauti ya kuamsha mtaa na kiuno kibovu cha kukaa kwenye lori. Alitembea kati ya meza akiguna. Ya banda la nje aliyasifu, mabua marefu, matumba mabichi yenye afya. Alipoingia chumba cha joto alinyamaza, na Hường kunyamaza si jambo dogo.

Nilimpa chai ya maua ya atiso. Kwa kunionea huruma nadhani, akaanza kunisimulia misiba yake ya barabarani ili nijue siko peke yangu. Mwaka mmoja dereva wake alisimama njiani Bảo Lộc akamnunulia mkewe mikungu ya ndizi mbivu za sadaka. Akaipakia nyuma pamoja na maua, akafunga turubai. Walipofika mjini, maboksi yalikuwa na mabua tu. Maua yote yako chini. "Ndizi ikiiva inatoa pumzi, mdogo wangu. Hewa huioni wala huisikii harufu yake, ila ua likiivuta linazeeka siku moja. Tangu siku hiyo dereva wangu hata ganda la ndizi namkagua mfukoni."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikamwongeza chai. Halafu nikabaki nimeshika birika hewani mpaka akaniuliza kama naumwa.

Alipoondoka nilikwenda chumba cha joto. Babu Ardhi anacheka chini pembeni ya mlango, na mbele yake sahani ya ndizi zenye madoadoa. Juu yangu mkungu. Pembeni majivu ya udi yamejaa kopo. Plastiki mara mbili pande zote, nimeziba hata tundu la mwisho kwa gundi.

Nimemwibia ndizi moja. Nikamwomba radhi.

Januari 10

Nimefanya hivi. Vyungu viwili vya banda la nje, matumba mazima. Kila kimoja ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, mdomo umefungwa. Kimoja na ndizi, kimoja bila. Nimevificha chumbani kwangu nyuma ya kabati. Sitasema neno kabla sijaona kwa macho yangu. Nilishamsingizia Tuân, inatosha.

Januari 11

Mwezi mwandamo wa mwezi wa mwisho kabla ya Tết. Sadaka kubwa kuliko zote. Mama ameamka na giza, amevaa nguo yake ya hariri ya kahawia, ameagiza mkungu mpya sokoni. Hawezi kuubeba mwenyewe, ana mikono midogo kama ya mtoto wa shule, kwa hiyo aliniita nimshikie upande mmoja. Na mimi nikaushika. Tuliubeba pamoja mpaka ndani, nikapanda stuli, nikauning'iniza. Ningesema nini? Nina mifuko nyuma ya kabati na hadithi ya dereva.

Nikapanga vyungu huku yeye akiomba, na leo nilisikia. Hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa ananitaja kwa jina, "Mtazame Thoa. Halali, hali. Acha maua ya mume wake yafunguke, kama ni kumwadhibu mtu niadhibu mimi niliyebaki na umri usio na kazi."

Nimetoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji. Siku zote hizi. Fungu zima la udi.

Januari 12

Mfuko wenye ndizi: matumba manjano, mawili yameshaanguka. Mfuko mwingine: mabichi, hayana neno.

Januari 13

Sikulala hata lepe. Tangu alfajiri nilikuwa naitafuta njia ya kusema bila kusema. Nilimwambia Mama kwamba Babu Ardhi angependa kuona barabara, huko ndiko wateja wanakotokea. Akasema amezoea pale. Nikasema moshi unanisumbua kifua. Akasema nizibe pua. Nikasema tumrudishe jikoni alikokuwa, apate joto la chakula. Hapo aliweka kisu chini, alikuwa anamenya viazi, akanitazama.

"Thoa, mimi nimezaa, nimezika, sijavunjika. Sema."

Nikaenda chumbani nikaleta mifuko miwili, nikaiweka mezani kati ya maganda ya viazi. Sikueleza sana. Nilimwambia habari za dereva wa Hường, ndizi za Bảo Lộc, turubai. Nikamwambia ndizi inapoiva inatoa pumzi, na udi nao una moshi, na mimi ndiye niliyeifunga plastiki ikabana kila kitu ndani. Nilijitia lawamani kila nilipoweza kujitia.

Alifungua mfuko wenye ndizi. Akaligusa tumba, likaanguka kwenye viazi. Alilishika kwa vidole viwili, akalipasua kwa ukucha, akalitazama ndani. Sikujua kama Quyến aliipata kwake tabia ile.

Kisha akauliza lile nililoliogopa usiku kucha.

"Na ya mwaka jana?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Ya mwaka jana yalikuwa mizizi, Mama. Ukungu wa mizizi. Niliikata mwenyewe, ilikuwa myeusi imeoza. Mambo mawili tofauti kabisa."

"Mizizi," akasema.

"Mizizi, Mama."

Akaokota kisu akamaliza viazi. Aliniambia nimpigie simu Tuân, kijumba cha Babu Ardhi hakihamishwi na mwanamke, ni kazi ya mwana mkubwa.

Mizizi ya mwaka jana ilikuwa myeupe.

Januari 14

Tuân alikuja na shati safi. Nilimfuata langoni nikamwambia nilimkosea. Akasema, "Basi shemeji, yaishe," akatazama pembeni. Mama alimwomba Babu Ardhi ruhusa, Tuân akambeba kwa mikono miwili polepole, kama mtu aliyebeba supu, kutoka chumba cha joto, kupita kati ya meza, mpaka jikoni. Mkungu akaushusha pia bila kuulizwa. Mtu huyu anataka mgahawa wake, na maua yakianguka anaupata. Alirudi tena kunisaidia kufungua plastiki zote. Tulipepea hewa itoke, kwa maboksi, hadi mikono ikafa ganzi.

Hakuvuta sigara hata moja.

Januari 15

Zaidi ya nusu ya chumba cha joto ni mabua matupu. Nimeyatoa. Nimeanza kuingiza ya nje. Yatawahi? Siku hazitoshi, lakini matumba ni makubwa.

Januari 17

Nahamisha.

Januari 19

Tumba moja la manjano. Nililigeuza kwenye taa. Lilikuwa limekwaruzwa na mkono wangu mwenyewe.

Januari 22

Mama anaingia na kutoka bila kitu mkononi, hajui aiweke wapi hiyo mikono. Leo nimempa kazi ya kufunga mabua kwenye vijiti. Alisita, akasema na yeye ni mwenye msiba. Nikamwambia na mimi pia, na maua yameshatuona wote. Akafunga. Anafunga vizuri kunishinda.

Januari 25

Mwezi mpevu. Sadaka ilikuwa jikoni: kahawa, machungwa mawili, kijiti kimoja cha udi. Niliogopa kwenda chumba cha joto.

Januari 27

Siku mbili zimepita. Hakuna kitu sakafuni. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kila meza na taa ya simu. Hakuna kitu.

Januari 29

Yanafunguka. Sijui niandike nini. Asubuhi ni moja la kwanza kwenye bua, zambarau, limekunja shingo kama linasikiliza. Jioni ni meza nzima. Nilimwita Mama, akaja na upawa mkononi, akasimama mlangoni, akalia waziwazi bila kujifuta. Nami nikalia. Mchuzi ukaungua.

Februari 2

Leo Mungu wa jikoni anapanda mbinguni kutoa habari zetu za mwaka, na lori la Dada Hường limeondoka na yote yaliyopona. Si mengi kama alivyotarajia. Alisema si haba, na akakagua mifuko ya dereva mbele yangu.

Tuân alikuwepo kupakia. Mama alimwambia, huku akimpa chai, kwamba banda ni la Thoa, na kwamba kama anataka mgahawa ajenge kule chini barabarani penye kabichi. Tuân alikuna kichwa akauliza kama atapewa maua ya kupamba. Nikasema atapewa yaliyopinda.

Februari 4

Leo tumekwenda makaburini, Mama na mimi, kufagia na kumkaribisha Quyến nyumbani kwa Tết. Nimebakiza chungu kimoja kwa ajili yake, cheupe, mabua mawili. Njia ni ya kupanda na Mama alisimama mara nyingi, kila mara akijifanya anatazama mandhari.

Niling'oa majani. Mama alifuta jiwe kwa kitambaa, akawasha udi, akaweka chungu. Nilidhani ameanza zile sala zake za kunong'ona, nikasogea pembeni kumpa nafasi. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeongea na mwanawe aliyeko chumba cha pili.

"Quyến, mwanangu, yale ya mwaka jana hukukosea kitu. Maji yako yalikuwa sawa, mbolea sawa. Zilikuwa ndizi zangu. Nilikuwa nakuombea upone."

Nilibaki nimeinama na majani mkononi. Hakugeuka.

"Mkeo ananiambia ni mizizi," akasema. "Mwache tu aseme."

Tulikaa mpaka udi ukaisha. Halafu akaninyooshea mkono nimwinue, na njia nzima ya kushuka hakuuachia.